Kipimo cha Shingo

Daktari alisimamisha picha kwenye skrini, akaweka alama mbili nyuma ya shingo ya mtoto aliye tumboni, akapima. Kisha akapima tena. Salha, fundi cherehani, alijua maana ya mkono unaorudia kipimo.

"Ngapi, daktari?"

"Milimita nne na nusu. Kwa mimba ya wiki kumi na mbili, tunapenda isifike tatu na nusu. Maji yamezidi hapa nyuma. Hilo si jibu, mama, ni dalili tu. Huenda ana kromosomu ya ziada, huenda hana tatizo lolote. Tutakutoa damu, majibu wiki mbili. Halafu utaamua mwenyewe kama utaendelea na mimba."

"Niandikie hiyo nne na nusu."

Daktari alishangaa, lakini akaandika.

Kibandani kwake Salha alijulikana kwa ubishi mmoja: hakumshonea mtoto ambaye hajazaliwa. Mteja akileta kitambaa mapema, alirudishwa nacho. "Sishoni kwa kukisia. Azaliwe, mlete nimpime."

Mchana ule fundi mwenzake, Mwanahamisi, alimkuta ametandaza kipande cha kitambaa laini cha pamba.

"Nguo ya nani hiyo, ndogo hivyo?"

"Ya mwanangu."

"Wewe! Si unasema mpaka apimwe?"

"Ameshapimwa."

Salha alikitundika kikaratasi cha daktari kwenye msumari wa vipimo vya wateja, kikiwa ndicho pekee kisicho na jina. Akachora shingo kwa chaki. Akaitazama, akaifuta kwa kidole, akaichora tena, pana kidogo. Kisha akashika mkasi.