Chotara wa Porini

Pu! Usiku ule mguu wa sungura mmoja ulipiga sakafu ya banda kuonya wenzake. Kicheche alikuwa anatafuna mlango.

Sungura wote walioamka wakamgeukia Tambo. Yeye alijiita Chotara wa Porini, mwana wa sungura mwitu, na kwa jina hilo alikula majani mabichi kabla ya wenzake, yeye na mama yake.

"Haya, Chotara," wakasema, "toka nje, kicheche akufukuze hadi mbali nasi. Si umerithi mbio za baba?"

Tambo akamgeukia mama yake. "Mama, waambie ukweli! Baba yangu nani?"

Mama, aliyekuwa amenyamaza na kula miaka yote, akameza jani lililokuwa mdomoni, akamtazama sungura mnene wa humo humo bandani aliyekuwa anakoroma pembeni.

"Kibonge," akasema.