Kandambili ya Kushoto

Nyamizi aliivuta kandambili ya kushoto kutoka nyuma ya kabati, akaipangusa vumbi, akacheka peke yake. Kumbe ilikuwa humu humu ndani miaka yote minne! Siku ya mafuriko alikurupuka na ya kulia tu, na maji yakakomea kizingitini pake. Tangu hapo watu wakawa wanakuja uani wamevaa kiatu kimoja, wakiamini kwamba Mungu humsikia aliyeacha mguu mmoja peku. Yeye alinyamaza, kwanza kwa haya, kisha kwa hofu.

Lakini jana mke wa kiongozi wa sala zao, Kapilima, alikanyaga msumari kwa mguu ulio peku.

Nyamizi akavaa zote mbili, akafungua mlango. Waliokuwa uani wakamtazama miguuni.

“Jamani, hapakuwa na muujiza wowote,” alisema. “Nilikosa kiatu, basi. Hiki hapa. Nendeni mkavae viatu vyenu, na huyu mama apelekwe hospitali.”

Kapilima alipiga magoti, machozi yakimlengalenga. “Mama, kimerudi!”

“Hakijarudi, wewe! Kilikuwa nyuma ya kabati!”

“Nyuma ya kabati!” waliitikia wote. “Nyuma ya kabati!”

Kapilima akamvua taratibu ile ya kushoto, akaifunga kwa kitambaa cheupe, akajitwika kichwani. Wakatoka barabarani wakiimba, mkewe akichechemea nyuma kabisa, na Nyamizi akabaki kizingitini na kandambili moja, kama siku ile ya maji.