Mwiko wa Marehemu

Pombe ya kumaliza matanga ya mama mkwe wake ilikataa kuchacha. Kalunde aliweka sikio kwenye mtungi, hakusikia kitu. Ulezi uliokuwamo ndio wa mwisho nyumbani, na kesho watu wangekuja na vikombe vyao.

“Mtungi uliuosha?” aliuliza wifi yake, Nyamizi, kutoka mlangoni.

“Niliusugua kwa majivu mpaka ukang'aa. Ulikuwa na ukoko mweusi ndani, wifi, aibu tupu.”

“Ndiyo chachu hiyo uliyoitupa! Mama hakuuosha maisha yake yote. Haya, kesho kawanyweshe watu uji.”

Hamira ya dukani isingepatikana. Pesa zote ziliishia kwenye sanda. Ndipo Kalunde alipoukumbuka mwiko wa marehemu, ambao nao haukuoshwa kamwe. Ulikuwa umelika upande mmoja, kwa kuwa mama alikoroga kwa mkono wa kushoto. Sasa ulikuwa juu ya kaburi, ulikowekwa pamoja na bakuli lake ili asirudi kuvifuata.

Aliuchukua. Aliusimamisha mtungini, akafunika kwa kanga.

Jioni mtungi ulianza kunong'ona. Nyamizi alikimbia kufunua, akapiga kigelegele, kisha akakikatiza. Povu lilikuwa limefika mdomoni, na mwiko ulizunguka polepole, wenyewe, kwa kushoto.

“Wifi,” alisema kwa sauti ndogo, “mrudishie.”

Kalunde alinyoosha mkono. Mwiko ukasimama, kama mtu aliyesikia anaitwa.