Geuza Simu, Mama

Nyuma ya kichwa cha mama kulikuwa na ubao wenye hesabu za kugawanya.

Nicolaus aliisogeza simu karibu na macho. Wamisionari wa Kimormoni hupiga simu nyumbani kila Jumatatu, na huko Maseru alikotumwa, kwenye baridi ya kukata masikio, wiki nzima alikuwa akiiwaza sauti hii, na jiko lao la kijijini Umwe, na wali wa mpunga wa bondeni uliopaliwa makaa.

“Mzee wangu wa miaka ishirini,” mama alimtania, maana ndivyo kanisa linavyowaita vijana hao, “umekula?”

“Nimekula. Nioneshe jiko, mama.”

“Lina moshi.”

“Mto umefurika mpaka nyumbani?”

Mama akarekebisha kilemba kisichokuwa na kasoro. “Nikisema umefika, utarudi. Na umebakiza miezi minne tu.”

“Sirudi. Geuza simu nione unapolala.”

Akaigeuza taratibu. Juu ya madawati manne yaliyounganishwa alikuwa ametandika shuka la bluu, lile alilolilalia Nicolaus tangu utotoni mpaka asubuhi aliyoondoka. Tope lilikuwa limelikaukia hadi katikati.