Moto wa Sekela

"Hodi, dada. Moto wangu umezimika tena."

Tupokigwe hakuinua hata kichwa. Mwezi mzima jirani yake Sekela alikuwa akija alfajiri kuomba makaa, kigae mkononi, ukungu wa Uyole bado umelala juu ya mahindi.

"Leo tena ni nini, mdogo wangu?"

"Kuni mbichi."

Jana ulikuwa upepo, juzi paa linavuja. Kuni masikini haziwezi kujitetea. Tupokigwe alimkaribisha kigoda, akampa uji, wakaongea mpaka jua likachomoza.

Mambo yalianzia kwenye barua. Saulo, mume wa Sekela, alikuwa machimboni Afrika Kusini, mwaka wa tatu sasa. Aliandika kwamba Waingereza wana msemo wao: mume akisafiri, mke asiache moto wa nyumbani uzimike. Mwalimu Jailos, aliyewasomea barua, alieleza kuwa maana yake ni kuitunza nyumba na kumsubiri mwenyewe. Mama mkwe hakutaka maelezo. Kwake moto ni moto.

"Mwanangu ameomba jambo moja tu!" alifoka mbele ya watu walipotoka kanisani. "Nikisikia umezimika tena, namtafutia mke mwingine."

Sekela aliinama, akalia bila sauti. Alimpenda Saulo, na kila mtu alijua.

Tupokigwe alimwonea uchungu. Mwenzake hakuwa mvivu. Shamba lake la pareto lilikuwa safi kuliko yote kilimani. Huenda bahati tu ilimpa kisogo. Basi Jumamosi akabeba mayai yake mpaka sokoni, akarudi na kiberiti kipya. Kesho yake akaamka mapema, akakipeleka mwenyewe kabla mama mkwe hajatoka nje.

Mlango wa Sekela ulikuwa wazi kidogo. Tupokigwe alitaka kupiga hodi, akasita.

Ndani, moto ulikuwa unawaka vizuri, kuni kavu, mwanga umejaa nyumba nzima. Sekela alikuwa amekaa peke yake mbele ya moto huo, ameshajifunga kanga safi. Akainuka, akachota maji mtungini, akaumwagia moto mpaka kaa la mwisho. Kisha akachukua kigae.

Tupokigwe akakificha kiberiti kifuani, akakimbia akipitia mahindini, ili afike kwake kabla ya mgeni.