Albamu ya Kwanza ya Fisi

Fisi na Bundi walikutana katika msiba wa Kobe. Fisi alikuwa akilia, lakini wanyama wakamfukuza kwa kudhani anacheka. Bundi akamfuata njiani.

"Ndugu yangu, mimi nimesikia unaomboleza. Na hakuna nyimbo ninazozipenda kama za maombolezo."

"Hata mimi," Fisi akasema.

Wakawa marafiki. Kila jioni, Bundi mtini na Fisi chini yake, waliimbiana nyimbo za misiba, hadi wakaamua kutoa albamu. Kabla hawajarekodi, Bundi akafa.

Fisi alirekodi peke yake, akimlilia rafiki yake. Katika kila wimbo alinyamaza kidogo pale ambapo Bundi angeitikia.

Albamu ikavuma mbuga nzima. Ilipigwa katika harusi ya Ngiri, na kila palipokuwa na sherehe. Siku moja Pundamilia akamjia Fisi, jasho likimtoka kwa kucheza.

"Kaka, umetuchangamsha. Pale unaponyamaza ndipo tunapopiga makofi. Hebu niambie, ulikuwa unacheka nini vile?"

Fisi alitaka kumweleza, lakini kilio kikamtoka. Pundamilia akaanza kucheza.