Uso wa Barua Arobaini

"Dada, hebu soma hapa shavuni," mdogo wake mchoraji alisema, na kicheko kikamkatikia njiani.

Mchoraji aliinamia karatasi mbichi iliyotoka kwenye mashine ya kuchapia. Uso wa marehemu ulikuwa mzuri kweli: nywele, kope, mikunjo ya macho, vyote vimefumwa kwa maneno ya marehemu mwenyewe, kutoka barua arobaini. Wiki sita mchoraji alikuwa ameyakwaruza kwa sindano juu ya bamba la shaba, akiyanakili kutoka kwenye kioo kilichoakisi barua, kinyumenyume, ili mwandiko ubaki wa mama yule. Kusoma hakusoma. Ukisoma, mkono hurudia mwandiko wako.

Sasa wino ulikuwa umeyageuza yakakaa sawa. Shavuni: *Mume wangu asijue mpaka naingia kaburini.* Kidevuni: *Yeye nampikia, wewe nakuota.*

"Toba!" Mchoraji alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Wiki sita unaandika, hujui ulichoandika. Kitendawili hicho hata bibi angetoa mji."

"Nyamaza wewe! Mzee wa watu yuko njiani. Ataanguka hapa hapa."

Mzee mwenyewe alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Alizileta barua ndani ya kitambaa, pamoja na picha ya marehemu, akaomba mchoro wa kutosha mfuko wa koti. Mchoraji alipomwambia kufiwa na mke si jambo dogo, alijibu tu, "Miaka thelathini, mwanangu." Kisha akasema hathubutu kuzisoma barua zile, atalia mbele za watu.

Maskini, kumbe hajui alichokibeba!

Mchoraji alinyakua kisu cha kukwangulia, akakiweka juu ya shavu la shaba. Akifuta maneno, uso unapata kovu. Akiyaacha, moyo wa mtu unapasuka.

Mlango ukagongwa. Kabla hajaificha karatasi, mzee alikwisha kuiona. Alitoa lenzi yake, akainama. Midomo ikaanza kusogea: shavu, kidevu, shavu tena.

"Mzee wangu, nisamehe. Nipe wiki moja, niyafute."

Mzee alimshika mkono wenye kisu, taratibu.

"Usifute hata nukta, mwanangu. Mumewe hajui mpaka leo. Siku ya maziko nilimpa mkono wa pole, nikarudi nyuma kusimama na majirani."